Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kimondo cha Mbozi na Wageni Tunaowatazamia



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari zetu za kila juma: Dominika hii ya 16 ya Mwaka C, Mama Kanisa anatuingiza katika makao mawili yaliyofikiwa na wageni. Somo la kwanza latupeleka penye mialoni ya Mamre, saa ya jua kali, Abrahamu ameketi mlangoni pa hema lake. Injili yatupeleka nyumbani kwa Martha na Maria. Mara nyingi tumezoea kuhubiri juu ya Maria aliyesikiliza na Martha aliyehangaika, na baada ya Misa akina mama wanaotupikia hurudi nyumbani wamenuna kidogo, wala hatuwezi kusema kwamba hawana haki. Juma hili tumeona tuache ugomvi huo wa jikoni, tutazame jambo ambalo makao hayo mawili yanashirikiana. Abrahamu alitoa unga, ndama, siagi na maziwa. Wageni walipoondoka walimwachia ahadi ya mwana. Martha alitoa chakula. Mgeni wake alimwachia neno ambalo tunaendelea kulitafuna hata leo. Wazee wetu walilisema hilo kwa maneno manne tu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sisi watu wa Tunduma hujiona mabingwa wa kupokea wageni, na nani angetubishia? Malori ya shaba yanatoka Zambia na Kongo, malori ya mafuta yanakwenda huko. Reli ya TAZARA inapita mjini kwetu tangu miaka ya 1970. Tangu mwaka 2019 tunacho kituo cha pamoja cha forodha baina yetu na Nakonde. Nyumba za kulala wageni hatuzihesabu tena. Hata hivyo tujiulize kwa unyofu: katika umati huo, wageni ni wangapi, na wapita njia ni wangapi? Dereva aliyelala hapa siku tatu kwenye foleni huondoka bila kujua jina la mtaa alikolala, na mwenye nyumba huondoa shuka bila kujua jina la dereva. Fedha wanatuachia, na hatutalikana hilo, maana sehemu ya sadaka ya Jumapili inatoka huko huko. Lakini kila anayefanya kazi ya kichungaji katika mji wa mpakani anayajua pia yale mengine wanayotuachia: watoto wanaolelewa na bibi zao, binti aliyekatisha masomo, mifereji iliyozibwa na chupa za plastiki. Hatuwahukumu madereva, ni watoto wa watu, wengi wao ni waamini wenzetu, nao wameachwa barabarani kama vile sisi tulivyoachiwa matatizo. Tunasema tu kwamba mji unaweza kufurika watu bila kupata mgeni hata mmoja, na mwenyeji asipone.

Tumeanzia hapo kwa sababu katika mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, maneno juu ya utalii yanazidi kusikika. Yanasikika zaidi kila inapokaribia tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2016 kwa ajili ya mawe yanayozunguka angani, na ambayo kwetu inakumbusha kile Kimondo cha Ndolezi. Idadi ya wageni walioingia nchini kutoka nje ilipita milioni 2 mwaka 2024, na kila mmoja anauliza: lini watafika huku kwetu? Katika vikao vya jumuiya tumesikia majibu ya aina mbili. Wako wanaotaka lami, hoteli kubwa na mabasi hamsini kwa siku. Wako wanaoogopa kwamba watalii wataleta mavazi mabaya na tabia mbaya, hivyo heri wabaki kaskazini na Zanzibar. Pande zote mbili zinamtazama mgeni. Sisi tungependa tumtazame mwenyeji.

Tuseme kidogo juu ya Kimondo chenyewe, maana wengi tunakitaja na wachache tumekiona. Kiko katika kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, si kilomita 100 kutoka hapa. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na makadirio ya uzito wake yako kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Walimwengu wengine walipata habari zake mwaka 1930 kupitia mpima ardhi aitwaye W. H. Nott, na mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi kama urithi wa Taifa. Kilipokutwa kilikuwa kimezama ardhini. Wakachimba handaki kukizunguka wakakiacha juu ya nguzo ya udongo, nayo ikajengewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wataalamu walikata kipande cha ncha yake kwa msumeno wa mkono, kazi iliyowatoa jasho, na baada yao wakaja wengine waliotaka kujimegea cha kukumbukia. Jeraha linaonekana hadi leo. Ajabu nyingine ni kwamba watafiti hawakupata kwa wenyeji masimulizi yoyote ya siku kilipoanguka, wakaamua kwamba kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu ya vizazi.

Basi mgeni akifika, anasimama, anapiga picha, anagusa chuma kilichotoka mbinguni, na baada ya dakika ishirini anageuza gari. Amekiona Kimondo. Ndolezi hajaiona. Hakuambiwa kwamba Wanyiha walikuwa mabingwa wa chuma kingine, kile cha udongo wa nchi yao, walichokiyeyusha katika tanuru ndefu za udongo wakafua majembe. Hakuambiwa kwamba katika bonde la Rukwa watu walifuma nguo nzito za pamba kabla ya mitumba yetu ya leo. Hakuonja kahawa ya Mbozi ambayo katika miezi hii ya baridi inachumwa na kuanikwa pembeni mwa njia aliyopita. Hakukaa kwenye kigoda cha mzee yeyote. Hapo tofauti yake na dereva wa lori aliyepo foleni kwetu ni ndogo sana, isipokuwa dereva angalau alinunua chakula.

Je, njia nyingine ipo? Ipo, tena nchini mwetu. Katika miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la SNV, likishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilisaidia vijiji kadhaa kuanzisha kile kilichoitwa utalii wa kiutamaduni. Ng'iresi kwenye miteremko ya Meru, Longido, Mulala, Mto wa Mbu, Usambara: vijiji ambavyo magari ya watalii yalivipita kwa kasi kwenda mbugani. Mpango wake ulikuwa rahisi. Mgeni anatembea kwa miguu, anaongozwa na kijana wa pale pale, anakula chakula kilichopikwa na mama wa pale pale, na juu ya malipo ya watu hao analipa mchango wa maendeleo ya kijiji. Ng'iresi walielekeza mchango wao shuleni, Longido kwenye josho la ng'ombe. Mulala akina mama walitengeneza jibini. Shirika lilipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya vijiji vililegea na vingine vikaendelea kwa miguu yao. Hata upande wetu, kikundi kilichojiita Sisi Kwa Sisi kiliwaongoza wasafiri kwenda Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu huko Rungwe. Nchini Uganda, kijiji cha Bigodi kando ya msitu wa Kibale kiliamua mwaka 1992 kulinda kinamasi chake na kuwatembeza wageni humo waone ndege na nyani. Fedha za kinamasi hicho zikasaidia kuanzisha shule ya sekondari. Kinamasi, wapendwa! Kitu ambacho sisi tungekijaza kifusi tukajenga fremu za maduka.

Hapa kuna pingamizi ambalo hatuwezi kulipita haraka, kwa kuwa lina uzito wa kiimani. Je, ni halali kuuza ukarimu? Abrahamu hakutoa stakabadhi. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, aliwaagiza wamonaki wampokee kila mgeni kama Kristo mwenyewe, wala hakuandika bei. Tukiweka bei kwenye karibu yetu, hatujageuka kuwa gesti tu?

Swali hilo lilitufikia si kwa vitabu bali kwa bahasha. Miaka michache iliyopita wageni sita kutoka parokia rafiki ya Ulaya walikuja, tukawapeleka katika kigango kimoja cha mbali wakae siku tatu kwenye nyumba za waamini. Katekista alihangaika kuliko Martha; alitaka tupeleke magodoro na masufuria ya mjini. Wazee wakakataa, wakasema mgeni atalalia tunacholalia. Siku ya kuondoka, mgeni mmoja alimpa mama aliyemkaribisha bahasha yenye fedha. Mama aliirudisha, na machozi yakamtoka, tena si ya furaha. "Padre," alituambia, "mimi sina gesti. Huyu alikuwa mwanangu kwa siku tatu. Mtoto anamlipa mama yake?" Mgeni naye alisimama pale ameshika bahasha, amefedheheka, maana aliona wazi kwamba mama huyo alichinja kuku ambaye hakuwa wa ziada.

Wazee wa kigango walilichukua jambo hilo, wakalizungumza kwa muda wao, wakatoka na jawabu ambalo seminarini hatukufundishwa. Walisema: harusini sisi tunachangiana, na hakuna bibi harusi anayelia kwa sababu amenunuliwa. Mgeni atakayekuja tena atachanga kabla hajafika, kiasi tutakachokipanga sisi, kitasomwa mbele ya wote. Sehemu itarudisha kuku wa mama, sehemu itaezeka darasa la watoto wadogo. Wageni wengine walikuja mwaka uliofuata. Walichanga, wakapokewa, wakalalia mikeka, na mama yule hakulia. Upendo wake haukuwa umewekewa bei; kuku ndiye aliyewekewa bei, naye kuku ana bei kila mahali.

Tunaona katika jawabu hilo theolojia nzuri kuliko ya makala nyingi. Ukarimu unabaki zawadi, na haki inabaki haki, mradi bei imepangwa na mwenyeji, mapema, hadharani. Aibu si malipo. Aibu ni malipo yaliyopangwa na mtu wa tatu aliyekaa mjini, yakapita mikono mitano, na kijijini yakafika kama peremende wanazorushiwa watoto kutoka dirishani mwa gari. Tunasikitika kusema kwamba huyo mtu wa tatu, katika mkoa huu, huenda akawa mmoja wetu. Wenye magari, wenye hoteli, wenye Kiingereza tuko mjini. Mkulima wa kahawa anafahamu tangu zamani jinsi bei inavyoweza kupangwa mahali ambapo yeye hayupo.

Kanisa halikuanza leo kuliona hili. Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Utalii Duniani mwaka 2002, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya utalii unaojali mazingira, alizungumzia heshima kwa viumbe na kwa jamii zinazowapokea wageni. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alitaka jamii za asili zinazoishi kwenye ardhi zao ziwe za kwanza kusikilizwa pale miradi mikubwa inapopangwa juu ya ardhi hizo. Za kwanza kusikilizwa, si za mwisho kuarifiwa.

Na hapa tuwatazame majirani zetu wa Mbarali, katika jimbo kuu letu hili hili la Mbeya. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi wa REGROW, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ili kukuza utalii wa Kusini, Hifadhi ya Ruaha ikiwemo. Nia ilikuwa njema na wengi tuliifurahia. Mwezi Aprili mwaka 2024 Benki hiyo ilisimamisha utoaji wa fedha, kufuatia malalamiko ya wanavijiji wanaopakana na hifadhi, na baadaye mwaka huo huo mradi ukafungwa. Hatuna nafasi hapa ya kuamua kesi ile. Tunaitaja kwa sababu mwaka 2017 hakuna aliyekaa mezani akasema "tuwatese watu". Walisema "tulete watalii". Yaliyofuata yalitokana na swali ambalo halikuulizwa kwa wakati: mwenyeji ni nani?

Kwa sheria zetu swali hilo lina jibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kuigawa bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Mkutano huo ndio unaopaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Ninyi mnaotoka Ndolezi, Kamsamba, Galula, Itumba na vijiji vyote ambavyo siku moja vitatembelewa: je, mnahudhuria? Tumesikia mara nyingi kwamba mikutano inaahirishwa kwa kukosa akidi, halafu watu wale wale wanalalamika kilabuni. Mwekezaji akija na ramani na soda, atawakuta viongozi watatu na mhuri. Nabothi alikataa kumwuzia Ahabu shamba la mizabibu, na tukumbuke kwamba bei haikuwa mbaya. Mfalme aliahidi shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Yalimpata makubwa kwa sababu alikuwa peke yake, na wazee wa mji wake walikubali kutiwa mfukoni.

Kuna vitu kijiji kinapaswa kukubaliana mapema kwamba haviuzwi kwa mgeni yeyote. Ardhi ni kimoja. Makaburi na maombolezo ni kingine. Mtu asije akalipia kutazama kilio chetu. Watoto, hasa. Mmoja wa wageni wetu wale, mtu mwema kabisa, aliinua kamera mbele ya mtoto aliyekuwa anaoga kwenye beseni, na bibi wa mtoto akasimama katikati, akatandaza kanga, hakusema neno. Mgeni alielewa, akaomba radhi, wakacheka baadaye. Kuhusu ngoma na mila tunajua wapo watakaotuuliza, Padre, je, hizo ziuzwe? Ngoma ya mavuno ichezwe wakati wa mavuno, na mgeni akibahatika kuwapo, acheze naye. Ngoma inayochezwa saa nne asubuhi kwa sababu basi limefika, mara tatu kwa juma, wachezaji wenyewe wataichoka kabla watalii hawajaichoka.

Kuhusu mazingira hatutasema mengi, maana mnayaona kwa macho. Mwanamke wa kijijini anayejitwika ndoo ya maji anajua thamani ya kila lita. Kuleta hoteli ya vyumba mia juu ya chemchemi yake ni kumwongezea safari. Wageni wanane wanaotembea kwa miguu na kunywa maji yaliyochemshwa hawamkaushii kisima. Ndiyo maana tunapendelea uchache: wageni wachache, wakae zaidi, walipe vizuri. Mwenye bodaboda atasema uchache haumlipi. Huenda, lakini mgeni anayekaa siku tatu anapanda bodaboda mara nyingi kuliko anayegeuza gari baada ya dakika ishirini.

Tumezungumza na viongozi wa VIWAWA na WAWATA, na tumeona tuanze kwa kuwa wageni sisi wenyewe kabla ya kuwasubiri Wazungu. Jumamosi ya kwanza ya Agosti, baada ya Misa ya asubuhi, tutakwenda Ndolezi. Nafasi ni 25 tu, na orodha iko kwa katibu wa VIWAWA kuanzia leo baada ya Misa ya pili. Gari litatuacha njiani, sehemu iliyobaki tutatembea, hivyo vaeni viatu vya kutembelea na sweta. Kiingilio kila mtu atalipa mwenyewe na kudai stakabadhi. Chakula cha mchana tutanunua kijijini kwa bei watakayotutajia wenyeji, na tunawaomba sana msianze kupunguza bei kama tulivyozoea sokoni kwetu. Msibebe soda wala maji ya chupa kutoka mjini. Chai na kahawa zipo huko. Atakayependa kupiga picha ya mtu, aombe kwanza, na akikataliwa aseme asante. Jioni, kabla ya kurudi, tutakaa na wazee watakaokubali kukaa nasi, tuwasikilize wanataka wageni wa namna gani, au kama hawataki kabisa.

Wenu katika Kristo,
Paroko